Keki ya Idi kwa Jiko la Makaa, na Mapambo ya Watoto Inapoiva: Mwongozo Kamili

Kila mfungo ukielekea mwisho malalamiko huwa yale yale. Keki imeumuka vizuri kisha ikabonyea katikati. Chini imeungua, juu mbichi. Imenuka moshi. Mwenye keki hupunguza unga, huongeza yai, hununua pauda nyingine, na Idi inayofuata mambo huwa yayo hayo.

Mara nyingi kipimo cha unga hakina kosa. Kosa liko kwenye moto na kwenye kifuniko. Makaa yanarundikwa bila kipimo, na kifuniko kinafunuliwa kila mtoto anapouliza kama imeiva. Kwa hiyo hapa kazi mbili zinakwenda pamoja: keki, na mapambo ya Idi ambayo watoto watayatengeneza dakika zile keki iko motoni. Mtoto aliyeshika mkasi na gundi hana haja na kifuniko cha sufuria.

Maelezo haya ni ya nyumba ya Lamu: jiko la makaa, joto, unyevu wa bahari, upepo na sisimizi. Mwenye ovena afuate hatua za mchanganyiko na mapambo, aoke kwa nyuzi 170 hadi 180, na habari za makaa azipite.

## Siku na saa ya kuoka

Oka siku ya 29 ya mfungo, saa tatu asubuhi. Mwezi ukiandama usiku ule, keki iko tayari. Usipoandama, keki ya majarini inangoja siku moja zaidi bila kuharibika, na iliki huzidi kukolea. Asubuhi pia jua halijapanda, na utaona baadaye kwa nini joto ni adui wa majarini. Ukingoja alasiri utagongana na futari, na jiko moja halibebi sambusa na keki.

## Vitu vya kuweka tayari

Kwa keki ya kopo lenye upana wa sentimita 20:

- Unga mweupe wa ngano, gramu 250 (vikombe 2 vya kupimia)
- Sukari, gramu 200 (kikombe 1)
- Majarini au siagi, gramu 200
- Mayai 4
- Beking pauda, vijiko vya chai 2
- Maziwa, robo kikombe
- Iliki iliyotwangwa, nusu kijiko cha chai, na chumvi ya ncha ya kijiko
- Sukari ya unga, vijiko vikubwa 2, ya kupamba siku yenyewe

Kwa moto: jiko la makaa, sufuria kubwa yenye upana wa sentimita 28 au zaidi, kifuniko bapa cha sufuria, mchanga mkavu, koleo, na jiko la pili au karai la chuma la kuwekea makaa ya akiba.

Kwa watoto: karatasi za rangi au kurasa za kalenda za zamani, mkasi wa ncha butu, uzi, penseli, rula, na boksi tupu la biskuti.

Soma pakiti ya unga kabla ya kuifungua. Madukani kuna unga unaojiumua wenyewe, tayari una pauda ndani. Ukiutumia huo na bado ukatia vijiko 2 vya pauda, keki itapanda haraka kuliko inavyoweza kushikana, kisha itaanguka. Keki nyingi zinazobonyea chanzo chake ni hiki.

Ijaribu pauda pia. Unyevu wa Lamu huiua ndani ya kopo lake hata kama tarehe haijapita. Tia nusu kijiko cha chai katika maji ya moto kidogo. Ikitoa povu kwa nguvu papo hapo, ni nzima. Ikizama kimya, usiitumie.

## Hatua ya 1: Tayarisha mchanga na mahali pa jiko

Mchanga chini ya sufuria hugawa moto ili makaa yasiunguze keki upande mmoja. Tumia mchanga wa kujengea. Uchekeche, uoshe, uanike mpaka ukauke kabisa. Mchanga wa pwani una chumvi inayokula aluminiamu, na ukiwa na maji hutoa mvuke unaoilowesha keki. Wala usiende kuchota kwenye vilima vya mchanga vya kijiji cha Shela. Vilima vile ndivyo vinavyohifadhi maji ya visima vya mji, na tuna haja navyo vikae vilivyo.

Mwaga mchanga ndani ya sufuria kubwa, kimo cha vidole viwili, uusawazishe.

Jiko liweke kwenye kiwanda cha nyumba (ua wa ndani) au darini, penye hewa. Usiokee chumba kilichofungwa hata mvua ikinyesha: makaa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, na watoto hudhurika upesi. Darini, kinga upande wa upepo kwa bati. Upepo wa kusi ukivuma kwenye jiko, makaa ya upande mmoja huwaka mara mbili na keki hupanda kwa mshazari.

Chora mstari wa chaki kulizunguka jiko, umbali wa hatua mbili za mtu mzima. Mstari huo hakuna mtoto anayeuvuka. Ndoo ya maji ikae karibu.

## Hatua ya 2: Washa makaa na ungoje

Washia vifuu vya nazi, havikosekani jikoni. Vinashika upesi. Lakini viache viishe kabisa kabla ya kuoka, kwa sababu vina ndimi za moto zinazoruka. Plastiki usiwashie kamwe. Ina sumu, na keki itabeba harufu yake.

Chambua vinga, yaani vipande ambavyo bado ni kuni. Vinga ndivyo vinavyotia keki moshi.

Makaa yako tayari yanapofunikwa na jivu jepesi la kijivu na hayatoi moshi wala mwali. Hapo bandika sufuria yenye mchanga, ifunike, na uiache ipate moto kwa dakika 20. Mchanga huchelewa kushika joto, na ukishalishika huchelewa kuliachia. Wanaobandika keki kwenye mchanga baridi hupata keki yenye ukanda mzito chini, kama ugali. Wakati huo wewe unachanganya.

## Hatua ya 3: Piga majarini na sukari

Hapa ndipo keki inapopata wepesi wake. Chembe za sukari zikisuguana na majarini huingiza hewa, na pauda baadaye hukuza vile vitundu vya hewa vilivyokwisha kuwamo. Haiviumbi upya. Ukipuuza hatua hii, pauda haitakusaidia.

Sukari yetu ina chembe kubwa. Itwange kidogo kwenye kinu au uisage kwa blenda, isifike kuwa unga.

Sasa angalia majarini. Kidole kikibonyeza kiingie bila nguvu na alama ibaki. Lakini majarini ikiwa inang'aa kwa mafuta, imeshapita. Majarini iliyoyeyuka haishiki hewa hata uipige saa nzima, na wakati wa kaskazi, Januari hadi Machi, huyeyuka mezani unaiangalia. Liweke bakuli ndani ya karai la maji baridi yenye vipande vya barafu, ukoroge mpaka ianze kushikana tena. Piga hivyo hivyo bakuli likiwa ndani ya maji.

Kwa mwiko, piga dakika 15 kwa mkono imara. Kwa mashine, dakika 5 au 6. Inatosha rangi inapogeuka kutoka njano hadi karibu na nyeupe, wingi umeongezeka, na ukiinua mwiko mchanganyiko unasimama. Ikiwa bado ni ya njano na nzito, endelea. Watu wengi huachia hapa kwa uchovu. Ndio wakati wa kumwita mume au kaka apokee mwiko.

## Hatua ya 4: Tia mayai moja moja

Kila yai livunje kwenye kikombe chake kwanza. Yai viza moja likiingia kwenye bakuli, gramu 200 za majarini zimekwenda. Yai lenye shaka litie ndani ya maji: linaloelea, litupe.

Tia yai moja, piga mpaka limezwe, ndipo utie la pili. Ukiyamwaga yote pamoja, mafuta na maji ya yai vitatengana na mchanganyiko utaonekana kama maziwa yaliyokatika. Likitokea hilo usimwage: tia kijiko kikubwa kimoja cha unga, piga, utashikana tena.

## Hatua ya 5: Ingiza unga kwa mkono mwepesi

Mtoto wa miaka mitano anaweza kuchekecha unga, pauda na chumvi pamoja, na afanye mara mbili. Ataona mwenyewe kama kuna wadudu, na hewa huingia.

Pakaza kopo majarini, linyunyizie unga, na chini utandike karatasi uliyoikata duara. Fanya haya kabla ya kutia unga kwenye bakuli, kwa sababu pauda ikikutana na unyevu huanza kazi na haisubiri mtu kutafuta kopo.

Gawa unga mara tatu, ukipokezanisha na maziwa. Tia iliki. Changanya kwa kukunja: mwiko ushuke katikati, upite chini, upande pembeni. Unga mweupe ukishapotea, simama. Ukizidisha, ngano hutoa utomvu na keki hutafunika kama mkate.

Mchanganyiko ulio sawa hudondoka kwenye mwiko kwa uzito, pande kwa pande. Ukichuruzika ni maji mengi. Ukigoma kudondoka, ongeza kijiko kikubwa kimoja cha maziwa.

Jaza kopo theluthi mbili tu. Watoto wasirambe mwiko. Yai bichi na unga mbichi huumiza tumbo, na Idi ya kuharisha haina raha.

## Hatua ya 6: Pima moto kwa unga

Hiki ndicho kipimo kitakachokuokoa. Nyunyiza kijiko cha chai cha unga mkavu kwenye kifuniko cha kopo, kiweke juu ya mchanga ndani ya sufuria, weka makaa machache juu ya kifuniko bapa, funika dakika 5. Kisha funua uangalie rangi ya unga.

Ukiwa wa dhahabu, moto ni sawasawa. Ukibaki karibu mweupe, moto ni mdogo. Ongeza makaa ungoje. Ukiwa kahawia ya giza, moto ni mkali. Toa makaa ya chini, acha sufuria wazi dakika 3, upime tena.

Usibandike keki kabla ya kupata rangi ya dhahabu. Dakika tano hizi ni rahisi kuliko mayai manne.

## Hatua ya 7: Bandika, gawa makaa, funika

Weka kopo katikati ya mchanga na ulizungushe kidogo likae sawa. Kati ya kopo na ubavu wa sufuria kuwe na nafasi ya vidole viwili, na juu ya kopo nafasi ya kuumukia.

Sasa gawa makaa: theluthi moja chini, theluthi mbili juu ya kifuniko. Ya chini yawe tabaka moja lenye nafasi, kwa kuwa mchanga umeshajaa joto. Ya juu yapange kufuata ukingo, katikati uweke machache tu. Katikati ya kifuniko ndiko kuliko karibu na keki, na ukirundika hapo utapata kilele cheusi kilichopasuka.

Bila moto wa juu, mvuke hugonga kifuniko baridi, hugeuka maji na kudondokea keki. Ile keki nyeupe yenye uso wa kunata imetokana na hayo, na wengi huidhania mbichi wakaiongezea moto chini hadi ikaungua.

Andika saa ukutani kwa chaki. Kwa dakika 35 kamili, kifuniko hakifunuliwi. Kabla ya hapo keki imesimama kwa mvuke tu. Hewa baridi ikiingia, mvuke hunywea na kati hubonyea, na haipandi tena.

Dakika ya 25, ongeza makaa yaliyoshika kutoka akiba, juu tu, kwa koleo. Makaa mapya yasiyowaka usiyaweke, yatafuka.

## Hatua ya 8: Mapambo, dakika 35 za watoto

Waketishe watoto mkekani, mbali na mstari wa chaki lakini mahali unapowaona.

Gundi uipike mapema ipoe: vijiko vikubwa 2 vya unga uvivuruge kwa maji baridi kidogo, umimine kwenye kikombe kimoja cha maji, ukoroge motoni mpaka iwe nzito, utie chumvi kidogo. Hukaa siku moja, mbili. Ikianza kuchacha itupe.

Kiolezo cha mwezi na nyota. Anza na hiki, maana ndicho kitakachopamba keki. Chora duara la sentimita 20 kwenye boksi la biskuti, na ndani yake hilali na nyota. Mtoto wa miaka minane na kuendelea akate hilali na nyota zitoke, libaki duara lenye matundu. Hilali isiwe nyembamba. Upana wa sentimita 3 pale tumboni unatosha, chini ya hapo sukari haitaonekana.

Mnyororo. Kata kanda za sentimita 3 kwa upana wa karatasi. Karatasi mbili za daftari kubwa hutoa kiasi cha mita moja ya mnyororo. Wa miaka minne na mitano hubandika pete, mmoja akishikilia mwenzake akipaka. Gundi iwe nyembamba. Ikiwa nyingi karatasi hulowa na pete hufumuka usiku.

Fanusi. Hii ndiyo inayowashinda watoto, na sababu ni kukata upande usio wake. Kata ukanda wa sentimita 2 ubavuni mwa karatasi, uuweke, ndio mpini. Karatasi iliyobaki ikunje kwa urefu, ukingo mrefu ukutane na ukingo mrefu. Piga mstari wa penseli sentimita 3 kutoka upande ulio wazi. Mkasi uanzie kwenye mkunjo, uelekee mstari, usimame hapo. Acha sentimita 2 kati ya mkato na mkato. Fungua karatasi, izungushe mpaka zile kingo fupi zikutane, bandika, kisha bandika mpini. Ukiibonyeza taratibu kutoka juu, tumbo la fanusi litachanua. Mtoto akiona vipande vinamwangukia mkononi, ameanzia upande wazi. Mpe karatasi nyingine umgeuzie mkunjo. Mshumaa ndani yake, hapana, hata kwa dakika moja.

Mdogo wa miaka miwili mpe karatasi achane. Vipande vyake vitajaza bahasha za mkono wa Idi.

Mkubwa kuliko wote mpe saa. Kazi yake ni kutangaza dakika ya 25 na ya 35, na huilinda kwa wivu mkubwa.

## Hatua ya 9: Funua, pima, ipoze

Dakika ya 35, kumba jivu na makaa kutoka kwenye kifuniko kwanza. Kisha kinyanyue wima kwa koleo na ukiondoe ubavuni. Ukikiinamisha juu ya keki, jivu litakuwa ndiyo aisingi.

Choma katikati kwa kijiti cha chelewa kilicho safi. Kikitoka na unyevu wa kunata, funika haraka, ongeza dakika 8, upime tena. Keki nyingi za jiko la makaa huiva kati ya dakika 40 na 55. Dalili nyingine za kuiva: imeachana na kopo pembeni, na ukiibonyeza kwa kidole inarudi.

Toa kopo, liache dakika 10. Keki ya moto ni laini na hukatika ukiipindua mara moja. Ukiiacha mno koponi nayo hulowa chini. Baada ya dakika 10 ipindue kwenye ungo safi au wavu, ubandue karatasi.

Makaa yamwagie maji papo hapo. Yanaonekana yamekufa na kumbe yanachoma saa kadhaa baadaye, na watoto hutembea pekupeku. Mtoto akiungua, mwagia maji safi yanayotiririka kwa dakika 20. Usipake dawa ya meno, mafuta wala yai. Ikiwa malengelenge ni makubwa kuliko kiganja chake, au ni uso au mkono, nenda hospitali.

## Kuilinda mpaka Idi, na kuipamba

Ingoje ipoe kabisa, saa mbili au zaidi, ndipo uifungie kwenye chombo chenye kifuniko. Ikifungwa na joto hutoa jasho na kuota ukungu. Kwa kuwa sisimizi hawana mfungo, weka chombo juu ya bakuli lililopinduliwa katikati ya sinia yenye maji. Maji yasiguse chombo.

Aisingi ya siagi siishauri kwa Lamu. Huteleza ikaanguka kabla wageni hawajamaliza salamu. Kiolezo cha watoto ndicho jibu. Asubuhi ya Idi, watu wakirudi kutoka kuswali, weka keki kwenye sahani, kiolezo juu yake, na mtoto achekeche sukari ya unga kutoka juu kidogo, taratibu. Kiolezo kinyanyuliwe wima na mtu mzima. Hilali na nyota zitabaki nyeupe juu ya keki ya kahawia.

Usifanye hivyo usiku. Sukari ya unga hunywa unyevu wa hewa, na ikifika asubuhi mwezi wako utakuwa umeyeyuka. Chekecha dakika kumi kabla ya kukata, funika kwa kawa, na kisu kiwe kimechovywa maji ya moto na kufutwa ili vipande vitoke safi.